Mita tatu za kima punju

Picha yenyewe ni nzuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kima mama amekaa kwenye tawi la chini, usawa wa kifua changu. Mgongo wake mwekundu wa kutu, tumbo jeupe, nywele za kichwani zimesimama pande zote kama za mtu aliyeamshwa ghafla. Mtoto wake amemng'ang'ania tumboni. Mkono mmoja wa mtoto umenyooka hadi kwangu, na vidole vyake vinne, maana kima huyu hana gumba kama letu, vimeikamata ncha ya mtandio wangu wa buluu.

Mimi ninacheka. Macho yamefumba kwa raha.

Aliyepiga ni mwana wa kaka yangu, ana miaka 9, na mkono wake haukutetemeka hata kidogo.

Kisichoonekana pichani ni kwamba ncha ile ya mtandio ndiyo niliyokuwa nikifutia pua tangu alfajiri, tangu nilipopanda boti kutoka Dar.

Na kingine kisichoonekana ni sauti ya mtembezaji wetu, dakika mbili tu kabla: "Dada, rudi kidogo. Mita tatu." Nilirudi. Kisha akageuka kumshika mkono mzee mmoja avuke mzizi mkubwa uliokatisha njia, na mimi nikasogea mbele tena. Hatua moja, ya pili, ya tatu. Nilichutama kidogo ili mtoto anipate vizuri kwenye simu.

Sikuteleza wala sikusahau. Nilisubiri mgongo wa yule kijana ugeuke.

Zimepita wiki nyingi na bado naiona ile hatua ya tatu.

Mwenyeji

Langoni Jozani, msitu wa Unguja wanakoishi kima hawa, pana bango la masharti. Nililisoma kwa sauti kwa ajili ya mtoto, kidole kikifuata mistari, kama mwalimu. Usiwalishe. Usiwaguse. Usitoke njiani. Usipige kelele. Kaa mbali nao mita tatu. Nilimuuliza hata kwa nini hawalishwi ndizi, akasema hajui, nikamweleza: tumbo la kima punju lina vyumba vyumba, karibu na la ng'ombe, limeumbwa kusaga majani machanga na matunda mabichi, na utamu wa tunda bivu humvuruga. Alinisikiliza kwa heshima zote.

Sasa najiuliza nilikuwa namsomea nani. Kwa hakika sikuwa najisomea mimi.

Nimezaliwa Mjini, Unguja. Jozani nimeijua tangu safari za skuli, tukiwa tumebanana garini, tunaimba mpaka koo zinakauka. Ndani ya kichwa changu masharti yale yalikuwa ya wageni: watu wa kofia pana na kamera ndefu, wasiojua kima na komba ni vitu viwili. Mimi ni mtu wa hapa. Mtu kwao haulizwi anakwenda wapi.

Wazo hilo sikuliwaza kwa maneno siku ile. Lakini nilipolichimba baadaye nililikuta limekaa pale chini, zima, kama mzizi.

Na ni wazo la ajabu kwa mtu aliyelelewa na bibi yangu. Bibi alitufunza kupiga hodi mara tatu. Usipoitikiwa mara ya tatu unaondoka, hata kama unasikia redio inaimba ndani, hata kama viatu vya wenyewe unaviona mlangoni. Na sheria hiyo haikuwa kwa nyumba za watu baki tu. Kwa shangazi yako hodi. Kwa dada yako aliyeolewa hodi. Kadiri mtu alivyokuwa wa karibu, ndivyo bibi alivyokuwa mkali zaidi, kwa sababu, alisema, mgeni atasamehewa kwa kutojua.

Mimi nilijua.

Homa

Siku ya tatu baada ya kurudi Dar nilianguka kitandani. Mafua yaligeuka kikohozi, kikohozi kikaleta homa, na kwa siku nne nilikuwa nikinywa maji ya tangawizi na kutazama dari.

Simu ilikuwa pembeni, ikilia. Kaka alikuwa ameirusha picha kwenye kundi la familia. Mioyo, makofi, mashaallah. Binamu akaandika nimependeza kuliko siku ya harusi yake. Shemeji yangu mmoja akaandika: "Ijumaa nakwenda na mimi. Nataka kama hiyo hiyo."

Nilisoma ujumbe ule nikiwa na leso puani.

Ndipo nilipoukumbuka mtandio.

Kila anayefuatilia habari za sokwe wa Tanzania anajua kisa cha Gombe mwaka 1966, ugonjwa wa kupooza, polio, ulipoingia kwa sokwe wa pale, wengine wakafa na wengine wakabaki na mikono isiyofanya kazi. Na kule Mahale, kusini zaidi kwenye ufuo ule ule wa Ziwa Tanganyika, wageni walikuwa wakivaa barakoa mbele ya sokwe miaka mingi kabla sisi wengine hatujajua barakoa ni kitu cha kuweka mfukoni. Mafua yetu, ambayo sisi tunayamaliza kwa limau na usingizi, kwa jamaa zetu wa mwituni yanaweza kuwa tauni. Nilijua habari hizi. Nilikuwa nimewahi kuwasimulia watu.

Nilikuwa nimezijua kama habari za sokwe, za mbali, za magharibi. Sikuziweka pamoja na mtoto wa kima mwenye vidole vinne na ncha ya kitambaa cha buluu.

Kima punju hawako porini kwingine kokote duniani ila Unguja, ukiwatoa wachache waliopelekwa Ngezi, Pemba, miaka ya 1970. Hesabu iliyofanywa kisiwa kizima na kutangazwa mwaka 2019 ilikuta wako zaidi kidogo ya 5,800, na sehemu kubwa yao wamo ndani ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Elfu tano na mia nane. Uwanja wa mpira usingejaa.

Yule mtoto ni mmoja wao. Kilichompata baada ya hapo sitakijua kamwe, na hiyo ndiyo adhabu yenyewe.

Jina lilikuwa ua

Nikiwa kitandani nilikumbuka tulivyowaogopa tulipokuwa wadogo. Punju maana yake sumu. Watu wazima walisema mbwa akila nyama ya kima huyu ananyonyoka manyoya yote. Walisema mti anaokaa sana hukauka. Walisema ana harufu yake, si kima wa kawaida. Wengi hawakumla na hawakutaka kuwa karibu naye.

Tulipokuwa wakubwa tukayaita mambo hayo ushirikina, tukacheka.

Lakini fikiria kazi iliyofanywa na jina hilo. Kabla ya bango, kabla ya tiketi, kabla eneo lile halijatangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2004, neno moja tu lilikuwa limemchorea mnyama huyu duara, na watu wakasimama nje yake. Ile ilikuwa mita tatu ya wazee wetu. Tumeifuta kwa elimu, na elimu hiyo hiyo imetuambia duara lilikuwa na maana, ila hatari inatoka upande wetu kwenda kwake. Sisi ndio punju.

Ami na debe lake

Nilipopata nafuu nilivuka tena. Sikwenda hifadhini. Nilikwenda kwa ami yangu, binamu wa marehemu baba, ambaye shamba lake liko upande wa kusini wa msitu, mahali ambapo ukitoka nyuma ya nyumba unaikuta miembe, kisha mikungu, ile miti ya kungu, kisha mihogo, kisha kijani kisichokatika.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Dar hawapiki?"

Nilikuwa nimekwenda, nadhani, kusamehewa. Nilitaka mtu wa pale aniambie si kitu, kima wamezoea watu, kila siku wanapigwa picha. Basi baada ya chai nikatoa simu nikamwonyesha.

Ami aliishika mbali na macho, kama wafanyavyo watu wa umri wake, akaitazama muda mrefu. Nikamwona akitabasamu kwanza. Picha ni nzuri, nimeshasema.

"Umemshika?"

"Yeye ndiye aliyenishika mtandio, ami."

"Alikuja kwako, au ulikwenda kwake?"

Sikujibu. Hakunisukuma. Alinirudishia simu, akaweka kikombe chini, akaniita tutoke nje.

Kwenye mpapai wa karibu na jiko lilikuwa limening'inia debe bovu la mafuta, limefungwa kamba, na kijiti kando yake. "Wakija nagonga hili," alisema. "Wanakimbia, wanakaa pale kwenye mkungu, wananitazama. Nikichoka wanarudi."

"Huwarushii jiwe?"

"Siwarushii. Na jirani hawarushii. Watoto wa hapa tumewakataza manati tangu hawajui kuivuta."

Akanisimulia kwamba juma lile wamemwingilia jikoni wakachukua makaa. Nilidhani amechanganya, labda amekusudia maembe. Hapana, makaa, ya kuni zilizozimwa. Wanayala. Baadaye nilikuja kusoma kwamba ni jambo lililochunguzwa hapo hapo pembezoni mwa Jozani: majani ya miembe na mikungu yana viini vinavyosumbua tumbo, na mkaa huvinyonya, kwa hiyo kima wanaoishi karibu na mashamba wamejifunza kutafuna mkaa kama dawa, na watoto wanajifunza kwa mama zao. Ami hakuhitaji kusoma. Anaacha makaa machache nje ya jiko jioni, ili wasiingie ndani.

Kisha akasema jambo ambalo nimekuwa nikilibeba tangu siku ile. Nalinukuu kadiri ninavyokumbuka.

"Sisi hapa tulikuwa tunakata mikoko. Baba yako mwenyewe amekuja kukata na mimi. Mkandaa, muia, mkoko, tunapakia ngalawa, tunauza boriti, tunachoma chokaa. Tumeacha. Msituni tulikuwa tunaingia tunavyotaka, sasa tunaingia kwa taratibu. Kima anakula shambani kwangu, simgusi. Hayo tumeombwa, tumeyakubali, si kwa siku moja, tumegombana sana kwanza. Sasa nyinyi mnaokuja kuwatazama mmeombwa nini?"

Alinyoosha mikono yake miwili, kama anayepima kitambaa.

"Kusimama mbali kidogo tu."

Vidaka

Nisimfanye ami yangu walii. Analalamika, na ana haki. Wapo wakulima pale ambao msimu mmoja mbaya unawamaliza, na wazo kwamba mtu akae atazame chakula cha wanawe kikiliwa juu ya mti si wazo jepesi. Wale kima tunaoonyeshwa sisi wageni, waliozoea watu, wanakaa zaidi pembezoni huko, kwenye miti ya mashamba, si ndani ya kiza cha msitu ambako mara nyingi huwaoni. Kwa hiyo picha yangu, ambayo kila mtu kwenye kundi aliiona kama picha ya porini, inaelekea imepigwa juu ya mti uliopandwa na mkono wa babu wa mtu.

Mzozo mkubwa kuliko yote ulikuwa wa minazi. Wakulima waliona kima wakila vidaka, vile vitoto vya nazi kabla havijawa hata vitale, wakahesabu kila kidaka kuwa nazi iliyopotea. Kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi: ukikata mwanzo, umekata mwisho. Hesabu hiyo ningeifanya hata mimi.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti waliketi chini ya minazi hiyo wakahesabu. Matokeo yake yalikuwa kinyume. Minazi ambayo kima walikula vidaka zaidi ndiyo iliyotoa nazi nyingi zaidi mavuno yalipofika. Mnazi wenyewe huangusha vidaka vingi usivyoweza kuvilea, na inaelekea kima anapunguza msongamano, kama mtu anayepalilia miche iliyobanana.

Nilimweleza ami hayo nikiamini nitampa faraja. Alinisikiliza, akatazama minazi yake, akasema, "Inawezekana. Lakini papai?"

Kuhusu papai sikuwa na la kusema. Na pale ndipo nilipoona vizuri kwamba uvumilivu wake haukuwa umesimama juu ya utafiti wowote. Alikuwa ameshakubali kabla hajajua kama anapata hasara au faida. Sehemu ya viingilio vya hifadhi inarudi vijijini, na hilo lina uzito wake, asiseme mtu halina. Ila ukimtazama ami akigonga debe, akisimama, akisubiri, huoni mtu anayefanya hesabu ya fedha. Unaona mtu aliyeamua jirani yake ni nani.

Boriti za bibi

Jioni ile nililala Mjini, kwenye nyumba ya bibi. Chumba ni kirefu na chembamba, kama vyumba vyote vya Mji Mkongwe, na kila mtoto wa Mjini anaijua sababu: dari imebebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba ni urefu wa boriti. Nililala chali nikazihesabu. Ishirini na mbili juu ya kitanda changu peke yake.

Kwa karne nyingi majahazi yalibeba boriti hizo hata Uarabuni, zikaezeka nyumba za nchi zisizo na miti. Zilizobaki zilitujengea sisi.

Nikawaza mji wangu umekula kwanza. Umekula miti ya watu wa Pete na Chwaka na Charawe, umejenga, umestarehe, na sasa umegeuka kuwa mpenzi wa mazingira, unakuja Jumapili na watoto, unasoma bango kwa sauti. Na siku umeombwa jambo moja dogo, umesubiri mtembezaji ageuze mgongo.

Sikulala vizuri.

Kabla ya alfajiri niliandika kwenye kundi la familia. Niliandika nikafuta, nikaandika tena. Mwisho nilisema tu kwamba picha ile nilipigwa nikivunja sharti, kwamba nilikuwa na mafua, kwamba naomba wasiitume popote, na kwamba shemeji, kama hajakwenda, asijaribu kupata kama hiyo hiyo. Kimya kilikuwa kirefu. Kisha kaka akaniletea ujumbe wa sauti, na haikuwa sauti yake.

"Shangazi, kwa hiyo tulikosea?"

Nilisikiliza mara tatu kabla ya kubonyeza.

"Wewe hukukosea. Mimi ndiye niliyekosea, na nilikufanya uwe shahidi."

Matuta

Ukipanda daladala namba 310 kwenda Makunduchi, ukikaribia Jozani gari linaanza kupiga matuta. Unaruka, unashuka. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu amepakata kapu la mayai alisema, "Jamani haya matuta," na konda akamjibu ni ya kima, akiwa na uso wa mtu anayesema ni ya kina mama, au ya skuli. Dereva alipunguza mwendo mapema kabisa, kabla ya tuta la kwanza.

Barabara hii ilipotiwa lami miaka ya 1990, magari yakapata mbio, na kima wanaovuka kutoka msituni kwenda mashambani wakawa wanagongwa, mmoja karibu kila baada ya wiki mbili tatu kwenye kipande hiki kifupi. Kundi la kima haliwezi kuzaa kwa kasi ya lami. Matuta yalipowekwa vifo vikapungua sana, ingawa havikwisha.

Nililitazama lile kapu. Mama aliliinua kidogo kwenye kila tuta, akalishusha, akaliinua, mikono yake ikizoea mdundo. Mayai yote yalifika salama mpaka niliposhuka. Siku ngapi katika mwaka anafanya vile? Yeye na konda na dereva na shehena nzima ya watu wa kusini, wanapunguza mwendo kila siku ya Mungu kwa ajili ya mnyama ambaye wengi wao hawana haja ya kumpiga picha.

Mara ya pili

Nilimchukua mwana wa kaka yangu siku ya Jumamosi, wiki sita baada ya ile ya kwanza. Sikuwa na mafua, lakini barakoa nilichukua, mbili. Hakuuliza.

Kijana wa siku ile hakuwepo zamu. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi, nikabaki nayo. Aliyetuongoza alikuwa mtu mzima kidogo, wa maneno machache, na alitupeleka kwanza kwenye mikoko, kwa sababu, alisema, maji yanakupwa na baada ya saa moja hatutaona kitu ila tope.

Njia ya mbao inapita katikati ya mizizi. Chini yetu maji yalikuwa yanatoka kimya kimya, yakiacha mashimo ya kaa, na kaa wakitoka mmoja mmoja na gando moja kubwa kupita mwili. Mbegu za mkoko zilikuwa zimening'inia, ndefu, za kijani, ncha chini. Mkoko hauangushi mbegu kavu kama miti mingine. Unailea juu mtini mpaka inakuwa mche kamili, kisha unauachia uchomeke topeni au uelee uende zake.

Mmoja ulikuwa umeanguka juu ya mbao, mbele ya viatu vya mtoto. Aliuokota kwa mikono miwili.

"Shangazi, nikaupande nyumbani?"

Nilimtazama mtembezaji. Naye alinitazama mimi, si mtoto, na nadhani alitaka kuona nitasema nini.

"Nyumbani hakuna bahari," nilisema.

Aliinama kwenye ukingo, akauelekeza ncha chini, akauachia. Ulichomeka, ukainama, ukasimama. Alibaki ameinama pale muda mrefu, akingoja kuona kama utaanguka.

Kima tuliwakuta baadaye, upande wa pili wa barabara, kundi kubwa, labda thelathini. Tulivaa barakoa. Mtoto alipima mita tatu kwa hatua zake, akazidisha mbili kwa kuwa miguu yake ni mifupi, akasimama. Mimi nilisimama nyuma yake. Nilimtafuta mama wa siku ile, kama kwamba ningemjua, na kila mama mwenye mtoto tumboni alikuwa yeye.

Halafu wakashuka.

Hakuna aliyewaita. Kwenye njia ile ile tuliyosimama walianza kuja, wakubwa mbele, wanatembea chini bila haraka, mikia imenyooka nyuma. Mita nne. Tatu. Mbili.

"Hapo ndipo watu wanaposema, mimi sikumfuata, kanifuata yeye," mtembezaji alisema kwa sauti ndogo. "Turudi."

Tulirudi nyuma, mimi nimemshika mtoto mabegani. Wao wakaja. Tukarudi tena. Nyuma yetu njia ilikuwa imekwisha, palikuwa na bonde dogo lililojaa majani na maji ya mvua ya usiku, na nilihisi kisigino kikizama, kisha kiatu kizima, maji ya baridi yakapanda mpaka kifundoni. Mtoto alitaka kucheka akajizuia. Tulibaki palepale, miguu majini, mpaka wa mwisho wao, mdogo, aliyekuwa anasimama kila hatua mbili kututazama, alipomaliza kupita.